Gitaa la babu: shingo ing'olewe, mataruma yaachwe

Swali: Shikamoo mzee. Marehemu babu ameniachia gitaa kavu, lisilo la umeme. Alikwenda Marekani kusoma mwaka 1961 kwa zile ndege za wanafunzi za Tom Mboya, akarudi nalo 1966. Kichwani limeandikwa Harmony Sovereign, na nikimulika ndani kwa tochi ya simu naona H1260, na pembeni F-64. Miaka yote lilikaa Nakuru. Mwaka jana baada ya matanga nikalileta Kilifi. Nyuzi ziko juu mno, nikipita freti ya tano, vile vyuma vya kukata shingo, vidole vinaniuma. Uso una ufa upande wa nyuzi nene, na daraja, ule ubao unaoshika nyuzi usoni, limeanza kubanduka kwa nyuma. Fundi mmoja ameliangalia, anasema atang'oa shingo aipachike upya, afungue mgongo abadilishe mataruma, vile vijiti vya ndani vinavyoimarisha uso, yawe ya msalaba kama ya magitaa ya Martin ya Marekani, aweke pikapu ya kupeleka sauti kwenye spika na funguo mpya za kukazia nyuzi, kisha alipige vanishi ling'ae. Mimi naimba kwenye harusi na hoteli, kwa hivyo nataka gitaa la kazi, si la kutundika ukutani. Nimkubalie?

Jibu: Marahaba, mjukuu wangu. Pole kwa kuondokewa na babu, na hongera kwa kuachiwa kitu kinacholia badala ya shamba la kugombania.

Kama fundi anakungoja mlangoni, mwambie hivi: shingo ndiyo, vipimo vikithibitisha; ufa na daraja ndiyo. Mataruma hapana, vanishi hapana. Pikapu na funguo mtakaa mzungumze. Sasa kaa kitako nikueleze sababu, maana atakuuliza, na "mzee wa Mombasa amekataa" si jibu la kumpa fundi.

Kwanza ujue umeshika nini. Harmony ni kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka 1892 na Mjerumani mhamiaji, Wilhelm Schultz, ikafa mwaka 1975. Katika enzi zake ilitoa magitaa kwa mafuriko, mengi yakiuzwa kwa katalogi ya kampuni ya Sears na madukani kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliimudu. Sehemu kubwa ilikuwa ya kujifunzia tu, mbao rahisi zilizopakwa rangi ya kuigiza mistari ya mbao ghali. Sovereign hakuwa wa kundi hilo. Uso wake ni sprusi, mbao nyepesi ya jamii ya msonobari, mbavu na mgongo ni mahogani, na zote ni mbao nzima, si plaiwudi. Usiniamini kwa mdomo tu: tazama ukingo wa tundu la sauti. Ile mistari myembamba ya uso ikishuka moja kwa moja mpaka upande wa ndani bila kukatwa na tabaka, ni ubao mzima. Ile F-64 ni muhuri wa mwaka. Harmony walipiga F au S na tarakimu mbili. Kwa hivyo babu alilinunua likiwa jipya au karibu na jipya, huko huko masomoni. Nina hakika alikosa milo kadhaa kwa ajili yake.

Nakwambia haya kwa sababu ubao mzima uliogundishwa kwa gundi ya zamani ya ngozi unatengenezeka. Unafunguka kwa joto na mvuke, unasafishwa, unafungwa tena, na miaka hamsini ijayo fundi mwingine anaweza kuufungua vilevile. Kipimo changu cha kazi yoyote kwenye gitaa la umri huu ni hicho: je, atakayekuja baada yangu ataweza kuitengua?

Sasa kabla mtu hajashika patasi, pima. Gitaa lako limeishi zaidi ya nusu karne Nakuru, kwenye hewa kavu ya mlimani, kisha ukalishusha ghafla pwani. Mbao hunywa unyevu wa hewa. Magitaa hutengenezwa kwenye vyumba vyenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Huku kwetu, siku za masika, kipimo kinapita 80 bila aibu. Uso uliokunywa unavimba, unainua daraja, na nyuzi zinapanda nalo. Sehemu ya maumivu ya vidole vyako huenda ni bahari, si shingo. Nimeona watu wakilipia shingo kung'olewa mwezi wa tano, halafu mwezi wa pili nyuzi zinalala kwenye freti zikikwaruza.

Kwa hivyo nunua kipima unyevu kidogo, vile vya saa ya mezani vinatosha. Hoteli unakoimba haikosi chumba chenye kiyoyozi. Omba wakuwekee gitaa humo wiki tatu, nyuzi zikiwa zimelegezwa kidogo. Likishatulia, kaza nyuzi kwa sauti yake ya kawaida, kisha fanya vipimo vitatu.

Cha kwanza ni upinde wa shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya 14, pale shingo inapokutana na mwili, halafu tazama mwanya ulio katikati, kwenye freti ya saba. Kadi ya biashara ikipita kwa kugusa, sawa. Ikipita sarafu, shingo imepinda kama upinde, na dawa yake iko kwenye chuma cha shingo, ambacho nati yake iko kichwani chini ya kile kifuniko kidogo. Fundi alegeze nyuzi, aizungushe robo robo. Ikigoma asiilazimishe, nati ya mwaka 1964 ikivunjika ndani ya shingo ni msiba mwingine. Watu wengi, hata mafundi, huchanganya hapa. Chuma cha shingo kinanyoosha upinde. Hakirudishi pembe ya shingo dhidi ya mwili. Hayo ni maradhi mawili tofauti.

Cha pili ni kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12. Tumia rula yenye milimita, pima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Uzi mnene ukiwa na milimita 2.5 na ule mwembamba 1.8, gitaa linapigika saa nzima bila malalamiko. Kwa picha ulizotuma, nakadiria lako liko kwenye 5.

Cha tatu ndicho kinachotoa hukumu. Laza rula ndefu ya chuma, iliyonyooka kabisa, juu ya freti kati ya uzi wa tatu na wa nne, uisukume mpaka ifike darajani. Ncha ikitua juu ya mbao ya daraja au ikapita juu yake kidogo, shingo haina kosa. Ikigota ubavuni mwa daraja, chini ya ukingo wake wa juu, shingo imeinama mbele na hakuna ujanja mwingine.

Isikushangaze kuinama. Seti ya nyuzi sita zinazoitwa za 12, namba ya unene wake, inavuta kwa nguvu ya kilo 70 na ushei. Ni kama mtu mzima aliyeketi darajani mchana na usiku tangu babu yako akiwa kijana. Mwili unajikunja polepole, shingo inakuja mbele, nyuzi zinapanda.

Kuna njia ya mkato, na lazima nikiri kwamba niliwahi kuipita. Nikiwa bado mgeni kwenye kazi, mteja aliniletea gitaa lenye ugonjwa huu huu, na mimi nikaogopa kung'oa shingo. Nikachukua randa nikapunguza daraja lenyewe, nikashusha mfupa wa chini, kile kijiti cha juu ya daraja kinachobeba nyuzi, mpaka ukabaki kama ukucha. Nyuzi zikashuka kweli, mteja akafurahi, nikalipwa. Baada ya miezi akalirudisha: sauti imekufa, maana nyuzi hazikuwa tena na pembe ya kukandamiza mfupa, na daraja lililokondeshwa limepasuka katikati kufuata vitundu vya vigingi. Nikang'oa shingo hatimaye, nikachonga daraja jipya, yote kwa gharama yangu. Fundi wako akikwambia tupunguze daraja, mkumbushe hadithi hii.

Kazi yenyewe ya shingo inakwenda hivi. Shingo ya H1260 imeingia mwilini kwa ulimi uliopanuka mwishoni kama mkia wa njiwa, na gundi ya ngozi kuzunguka. Fundi huanza kwa kulegeza ile sehemu ya ubao wa freti inayolala juu ya uso: anaweka kipande cha chuma kilichopashwa moto, anangoja, kisha anapitisha kisu chembamba butu chini yake, taratibu, asichane sprusi. Halafu anang'oa freti ya 15, anatoboa kitundu kidogo ndani ya mfereji wake kushuka mpaka kwenye uwazi nyuma ya ule ulimi. Mimi natumia sufuria ya presha, mpira wa joto na sindano nene. Mvuke unaingia. Unashika shingo kwa mkono mmoja na mwili kwa mwingine, unasukuma kidogo, unaacha, unasukuma. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Maji yanaanza kutoka pembeni yakiwa ya kahawia, yananuka kama supu ya kwato. Kisha unasikia kijimlio kidogo, kama mtu aliyejinyoosha mgongo, na shingo inakuja juu mkononi mwako. Mpaka leo moyo hunienda mbio.

Mvuke uwe mfupi, na maji yafutwe papo hapo, la sivyo vanishi ya pembeni inageuka nyeupe. Halafu gitaa liachwe siku kadhaa likauke. Fundi anayesema atang'oa na kurudisha siku moja, mkimbie.

Baada ya hapo ni hesabu na patasi. Tuseme umepima 5 na unataka 2.5. Ili uzi ushuke milimita 2.5 kwenye freti ya 12, ambayo ni nusu ya njia, mstari wa shingo unatakiwa upande milimita 5 pale darajani. Kutoka mwili ulipoanza hadi mfupa wa chini ni kama milimita 285, na kisigino cha shingo kina urefu wa 95 hivi. Zidisha 95 kwa 5, gawanya kwa 285, unapata 1.7 na kidogo isiyofika. Basi: fundi anapunguza milimita 1.7 kwenye ncha ya chini ya kisigino, na kutoka hapo anapanda akipunguza kidogo kidogo mpaka sifuri kwenye ubao wa freti. Huo ni unene wa kadi mbili za benki. Kwa kadi mbili za benki gitaa linarudi ujana. Ulimi ukilegea baada ya kuchongwa, unajazwa kwa vibanzi vyembamba vya mahogani, kisha gundi ya ngozi ya moto, nyuzijoto 60 hadi 65, inayopashwa ndani ya maji kama unavyoyeyusha chokoleti, isichemke.

Muulize fundi swali moja tu kumjua: "Shingo utaigundisha kwa nini?" Akijibu gundi ya ngozi, moyo wako utulie. Akitaja gundi nyeupe ya maseremala, si dhambi kubwa, nayo hulegea kwa joto. Akitaja gundi ya kuchanganya mirija miwili, au ile ya matone inayoshika vidole, chukua gitaa lako urudi Kilifi.

Daraja, sasa. Hapa kuna mtego ambao asiyezijua Harmony hunaswa nao. Tazama juu ya daraja kama kuna vidoti viwili vyeupe. Si urembo. Chini yake mara nyingi kuna bolti zinazopita mpaka ndani, zimefungwa kwa nati. Fundi akipasha daraja moto na kuanza kulikwangua bila kutoa bolti hizo, litaondoka na kipande cha uso. Avitoe vidoti, afungue nati kupitia tundu la sauti, ndipo abandue, asafishe gundi kuukuu mpaka mbao tupu zikutane, agundishe upya. Akague pia kile kibao cha ndani chini ya daraja. Vile vijigololi vya mwisho wa nyuzi hukitafuna kikawa kama kilichochimbwa na panya. Kikiwa kimeliwa sana, azibe matundu na kuyatoboa upya kabla ya kufikiria kukibadilisha.

Daraja la zamani likiwa zima, lisitupwe. Magitaa ya miaka hiyo mara nyingi yalipewa rozwudi ya Brazili, mti ambao biashara yake ya kimataifa imebanwa na CITES, mkataba wa kulinda viumbe na mimea adimu, tangu 1992. Likiwa limepasuka kupita kiasi, sisi hatuna haja ya kulia: mpingo wetu ni binamu yake, mzito zaidi, na ukipigwa msasa mwembamba hauhitaji hata polishi. Ila uchongwe mwembamba kuliko wa kwanza, kwa sababu uzito ukizidi darajani sauti inabanwa.

Ufa ni kazi ndogo kuliko unavyoogopa. Uso ulioingia pwani umevimba, kwa hiyo ufa umejifunga wenyewe. Ukishakaa kwenye chumba kikavu utaufumania ulivyo. Gundi ya moto inasukumwa ndani kwa kidole huku mkono mwingine ukisukuma kwa chini, inabanwa, kisha ndani vinawekwa viraka vitatu au vinne vya sprusi nyembamba, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nyuzi za mbao zikikata ufa. Kwa nje utabaki mstari. Uache.

Haya, mataruma. Nimeyachelewesha kwa sababu ndipo fundi wako na mimi tunapoachana njia.

Neno mataruma limeazimwa kwa waunda mashua, maana vijiti vile vya ndani vinafanya kazi ya mbavu za jahazi: vinazuia ubao mwembamba usikunjwe na nguvu inayouelemea. Kwenye Harmony yako vimelazwa kama vipandio vya ngazi, kulia kwenda kushoto. Kwenye magitaa ya Martin na wengi walioiga, viwili vikubwa vinakatana kama herufi X chini ya tundu la sauti, mtindo ulioanzia kwa mafundi wahamiaji wa Kijerumani huko Marekani miaka ya 1840. X inasambaza mtetemo kotekote na inazuia tumbo lisitoke nyuma ya daraja. Sauti yake ni nene, ya kudumu, yenye besi. Ya ngazi ni kavu, ya haraka, inaruka mbele kisha inanyamaza, na kati yake kuna kitu kama sauti ya mtu anayeongea puani kidogo.

Fundi wako hajasema uongo. Kubadilisha ngazi kuwa msalaba kwenye H1260 ni jambo ambalo mafundi wa Marekani wamelifanya mara nyingi, na nimesikia moja lililofanywa vizuri. Lilikuwa gitaa zuri sana. Lilikuwa gitaa jingine. Unachomwambia afanye ni kung'oa mgongo, kukwangua viungo vyote vya ndani, na kuunda uso upya kwa kichwa chake. Kitu pekee kitakachobaki cha babu ni ganda. Na katika kazi zote alizokutajia, hii ndiyo isiyorudi nyuma. Yale mataruma ya awali yakishakwanguliwa yamekuwa taka.

Kuna na sababu ya hali ya hewa, ambayo watu wa Marekani hawana haja ya kuiwaza. Taruma linagundishwa likikata nyuzi za mbao ya uso. Ukiligundisha siku yenye unyevu wa asilimia 80, uso umevimba kwa upana. Siku utakapolipeleka Nairobi, au ukapata mkataba wa kuimba Dubai kwenye kiyoyozi, uso utataka kusinyaa na taruma halitaukubalia. Utapasuka. Kazi ya namna hiyo inataka chumba kilichokaushwa kwa mashine, usiku na mchana, kwa wiki nzima. Muulize fundi kama anacho. Hata hizo kazi ndogo za ufa na daraja, ningekuwa wewe ningezipeleka mwezi wa kwanza au wa pili, kaskazi ikivuma na hewa imepungua maji, wala si katikati ya masika.

Na tena, kwa muziki wako, hiyo sauti ya ngazi si ulemavu. Rekodi nyingi za gitaa kavu zilizolea masikio ya watu wetu zilipigwa kwenye magitaa rahisi yenye mataruma ya ngazi. Ule mlio mkavu ndio unaoacha kila noti ijitenge wakati kidole gumba kinatembeza besi na kidole cha shahada kinajibu juu. Ukiuwekea X, noti zinaanza kukumbatiana. Jimmy Page wa Led Zeppelin alikuwa na H1260 na hakulalamika. Na ukienda kwa mafundi wa udi, Zanzibar au Lamu, waombe wakuonyeshe tumbo la udi lililofunguliwa: vijiti vinakata kulia kushoto, hakuna msalaba. Nashauri hata umtafute fundi wa udi kwa kazi ya ufa. Mikono yake imezoea ubao mwembamba kuliko ya seremala wa vitanda.

Unachoweza kumruhusu fundi ni kukagua yaliyopo. Agonge uso kwa kifundo cha kidole, taratibu, sentimita kwa sentimita. Mahali panapotoa mkwaruzo badala ya mlio, taruma limebanduka ncha. Aingize gundi ya moto kwa kipande cha karatasi ngumu, abane. Akague pia vumbi jembamba la dumuzi, na mayai ya mende. Gitaa lililokaa chini ya kitanda lina wapangaji. Kisha wewe umsaidie kwa kutumia nyuzi nyepesi. Seti ya 10 inavuta karibu kilo 60, ya 12 zaidi ya 70. Chukua ya 11. Mataruma ya ngazi yatakushukuru na vidole pia.

Pikapu: kwa kazi ya harusi unaihitaji, sikukatazi. Kuna ya kuchomeka kwenye tundu la sauti, ambayo haitobolei kitu na unaitoa ukimaliza. Ianze hiyo, ila nunua nyuzi ambazo sumaku inazisikia. Ile ya kulala chini ya mfupa inasikika vizuri zaidi kwenye spika kubwa, lakini inataka tundu la milimita 12 kule kitakoni mwa gitaa. Tundu hilo naweza kulimeza. Kukata ubavu ili kuweka kile kisanduku chenye vitufe vya sauti, hapana kabisa.

Funguo: zikizunguka, tone la mafuta ya cherehani na uziache. Zikiteleza, tafuta zenye matundu ya skrubu yanayolingana na ya sasa, asitoboe mapya.

Vanishi sitaki hata kuijadili. Ile iliyopo imekonda na kukauka pamoja na mbao. Ukiipiga msasa unaondoa na sprusi, ukiongeza mpya unalivika gitaa koti la mvua. Kitambaa laini chenye unyevunyevu kinatosha kuondoa jasho na chumvi. Na usilipake mafuta ya nazi, nawajua watu wa Kilifi.

Fundi asipokasirishwa na haya yote ni fundi wa kweli. Kubalianeni bei kwa kila kazi peke yake, si jumla, ili ujue unachokata na unachobakisha. Mpange mfuatano: mataruma yaliyobanduka na ufa kwanza, daraja la pili, shingo ya tatu, freti zisawazishwe, na mifupa miwili, wa juu na wa chini, ichongwe mwisho kabisa, maana chochote kinachofanywa baada yake kinaiharibu. Mifupa iwe mifupa kweli. Wa ng'ombe kutoka buchani ukichemshwa na kukaushwa unashinda plastiki. Piga picha za ndani na nje kabla ya kulikabidhi. Kila kilichotolewa, hata skrubu iliyokatika, kirudi kwenye mfuko.

Nasubiri namba zako tatu, ukishalitoa kwenye kiyoyozi. Kama rula itatua juu ya daraja, usimlipe mtu kung'oa shingo. Nitakuelekeza cha kufanya na mfupa wa chini, na pesa iliyobaki utanunulia sanduku gumu la kulibebea, maana kwenye buti la gari lililoachwa juani Kilifi mchana kutwa gundi ya ngozi hulegea bila kusubiri mvuke wa fundi.